Kipimo cha Saa Tatu

Saa tatu ya asubuhi sasa inapita katika nyumba ile bila mtu kuitaja. Zamani, dakika moja kabla haijatimia, kiti cha plastiki kilisogezwa barazani, mtu akakohoa, kalamu ikagongwa mara mbili kwenye jalada la daftari, na sauti ya Mzee Haruna Likwata ikasema, "Bismillahi." Baada ya nusu dakika ilisikika namba. Ishirini na nne. Ishirini na sita. Jirani aliyekuwa akikaanga mihogo ng'ambo ya ua aliidaka namba ile na kuirudia kwa mzaha. Siku hizi mihogo inakaangwa kimya. Ndani, binti wa mzee, Mboni, anapokea simu za watu mlango ukiwa umefungwa, na ikifika saa tatu kamili husita kidogo katikati ya maneno, hata kama upande wa pili kuna mtu anamngoja, kisha huendelea.

Haruna si mtu wa Kilwa Masoko. Alizaliwa Njinjo, kwenye ardhi ya ufuta na mahindi, na huko kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpima mvua. Watu wa hali ya hewa walikuja na kipimo cha bati, kioo chenye mistari na daftari, wakauliza pale shuleni ni nani mtu wa kutegemewa. Mwalimu mkuu akamtaja Haruna, mkulima aliyekuwa na saa ya mkononi na mwandiko mzuri. Tangu siku hiyo, kila saa tatu kamili ya asubuhi, iwe sikukuu iwe msiba, aliingia ndani ya uzio wa seng'enge, akamimina maji ya kipimo kwenye kioo, akapiga goti mpaka jicho likawa sawa na mstari, akasoma, akaandika, akamwaga. Asubuhi aliyozaliwa Mboni alikwenda kwanza kusoma, milimita kumi na nane, ndipo akarudi kumwona mtoto. Wakati wa kiangazi aliandika sifuri siku baada ya siku, na vijana walimcheka.

"Mzee, unakwenda kuangalia kama hakuna kitu?"

"Hakuna kitu nako lazima kuandikwe," alikuwa akijibu. "La sivyo mtasema mlisahaulika."

Kisha ukaja mlingoti wenye kioo cha jua, mashine inayojisomea yenyewe na kutuma namba zake bila kupiga goti. Kijana mmoja mwenye adabu alimpa Haruna cheti kilichotiwa fremu na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Mwaka uleule mkewe, Somoe, akaanza kuumwa. Mboni, aliyekuwa Dar es Salaam, akapanga nyumba Kilwa Masoko ili mama yake awe karibu na hospitali, akawaleta wazee wake wote wawili, naye akarudi kuishi nao. Somoe aliishi katika nyumba ile miezi minne. Alizikwa mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kulowesha udongo.

Baada ya hapo Haruna alilala. Hakuwa mgonjwa. Aligeukia ukutani, akaswali akiwa amekaa, akaacha ndevu zikue ovyo, na sahani zikarudi jikoni kama zilivyotoka. Arobaini ikapita, wageni wakatawanyika, yeye bado amegeukia ukuta. Mboni alimwekea uji karibu na kichwa, na aliporudi akaukuta umeganda.

Katika hali hiyo ndipo fundi Ismael alipokuja kuweka intaneti ya nyumbani. Mboni alikuwa amepata kazi katika kampuni moja ya Dar es Salaam iliyouza taa za jua. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu za wateja kwa kompyuta, hedifoni kichwani, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja. Ilikuwa kazi pekee ambayo angeweza kuifanya bila kumwacha baba yake peke yake. Akiikosa, angelazimika kurudi Dar. Ismael alibandika kile kisanduku cheupe, ruta, kwenye dirisha lililoutazama mnara wa simu, na dirisha hilo lilikuwa la chumba cha mzee. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa kupima kasi ya intaneti, akabonyeza neno ANZA. Mshale ukapanda kwenye duara kama mshale wa gari, ukatetemeka, ukatulia.

"Ishirini na tano, mzee wangu," Ismael alisema kwa heshima tu, maana hakutegemea jibu. "Freshi kabisa."

Haruna aligeuka. Mboni, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona jicho la baba yake likiutazama ule mshale.

"Kesho itakuwa ngapi?"

Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya miezi miwili.

"Kesho nani anajua? Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Mnara, wingi wa watu. Wakati mwingine hata hali ya hewa."

Mzee alikaa kitako. "Na nani anayeandika?"

Ismael akacheka. "Hakuna anayeandika, mzee. Zinapita tu."

Asubuhi iliyofuata Haruna alioga. Akaagiza daftari kubwa la jalada gumu, akalichora mistari kwa rula: tarehe, saa, ya kuja, ya kwenda, mawingu, upepo. Aliuliza "ya kuja" na "ya kwenda" maana yake nini, na Mboni alimweleza kwamba moja ni ile inayoingia nyumbani na nyingine ni ile inayotoka. Akaridhika. Saa tatu kamili alikuwa barazani na simu yake, amenyoa ndevu, amevaa kofia. Akabonyeza. Akaandika. Mchana huo alikula wali na samaki, akaomba uongezwe.

Mtaa ulimzoea upesi. Bi Fortunata, jirani yao, Mmakonde mwenye ulimi mwepesi aliyeuza mihogo ya kukaanga, hakuiacha siku ipite.

"Mzee Haruna, megabiti ngapi leo? Tuanike ufuta au tuuingize ndani?"

"Ishirini na tatu. Anikeni."

"Na jana ulisema ishirini na tatu, ikaninyeshea."

"Ilikunyeshea kwa sababu hukusali, Fortunata."

"Nilisali, ila mimi nasalia kwetu kanisani, labda kule mtandao unakwenda polepole."

Haruna alicheka mpaka akajishika ubavu. Mboni, ndani, alitoa hedifoni sikio moja ili aisikie kicheko kile.

Onyo la kwanza lilikuja mwezi wa tatu. Walikuwa mezani. Mboni alilitaja kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Msimamizi anasema sauti yangu inakatika. Wateja wanalalamika. Yakifika maonyo matatu ndani ya miezi sita, kazi imekwisha."

"Inakatika saa ngapi, mama?" Alimwita mama kwa sababu Mboni lilikuwa jina la mama yake mzazi.

Binti alimimina maji, akanywa nusu bilauri.

"Nyakati mbalimbali tu, baba."

"Ni huo mnara," Haruna alisema. "Au mawingu. Wewe fanya kazi yako. Mimi nitawakamata."

Akaongeza vipimo. Badala ya kimoja kwa siku vikawa vitatu: saa tatu, saa sita, saa tisa. Alipoona havitoshi, akaanza kupima kila saa inapotimia, maana mwizi anayekuja nyakati mbalimbali huwezi kumngoja kwenye mlango mmoja. Daftari likajaa. Alichora mawingu kwa penseli, akaandika upepo unatoka wapi. Na kila alipojumlisha wastani wa wiki alibaki amekunja uso, kwa kuwa namba zilikuwa nzuri. Ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na tano. Kipimo kilisema neema, na mtoto wake alikuwa anakufa njaa.

Mwezi wa tano onyo la pili likafika. Haruna alivaa kanzu, akachukua daftari mpaka kwa wakala aliyewauzia ile ruta, akaliweka juu ya kaunta. Binti wa pale alifunua kurasa kadhaa, kwanza kwa haraka, halafu taratibu.

"Umeandika haya yote mwenyewe, babu?"

"Kila saa."

"Babu, hizi namba ni nzuri. Mimi mwenyewe hapa dukani sipati hizi."

"Najua ni nzuri. Ndiyo maana nimekuja. Namba ni nzuri na mwanangu anafukuzwa kazi. Nieleze wewe."

Binti alimrudishia daftari. Aliahidi kuuliza. Haruna alirudi nyumbani kwa miguu, daftari kwapani, na jioni akamwambia Mboni asiwe na wasiwasi, ushahidi unakaribia kukamilika. Mboni alisema, "Sawa, baba," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Barua ya tatu ilikuja mwezi wa sita. Mboni aliichapisha steshenari kwa sababu alitakiwa kuitia saini na kuituma tena, akaiacha mezani chini ya kikombe, akaenda sokoni kununua samaki. Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Haruna hakuwa mtu wa kusoma barua za watu. Alipita kutafuta miwani. Lakini jicho lake lilikuwa limesoma safuwima za namba kwa miaka mingi, na chini ya kikombe kile lilikutana na safuwima.

Ilikuwa orodha ya nyakati. Kila mara sauti ya Mboni ilipokatika, mashine ya kule Dar iliandika siku na dakika.

Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha. Kumbe hata kule kuna mtu anayeandika. Alikwenda kuchukua daftari lake, akakaa, akaziweka karatasi zile mbili ubavu kwa ubavu, apate kuonyesha kwamba saa fulani sauti ilipokatika mnara ulikuwa umelegea, au wingu lilikuwa limetanda. Orodha ya Dar iliandikwa kwa saa za Kizungu, na hilo halikumsumbua. Watu wa hali ya hewa walimfundisha zamani kuzigeuza.

Tisa kamili yao ni saa tatu. Akatazama daftari: saa tatu, ishirini na sita, anga safi. Kumi kamili, saa nne. Akatazama: saa nne, ishirini na tano. Kumi na moja kamili. Saa tano.

Akarudi juu, akaanza upya, safari hii kwa ncha ya kalamu.

Siku ya kwanza ya orodha, sauti ilikatika mara saba, na kila mara ilikuwa saa iliyotimia, bila dakika ya ziada. Siku ya pili vivyo hivyo. Ijumaa haikukatika saa saba. Ijumaa saa saba yeye alikuwa msikitini. Jumatano moja mbele yake paliandikwa kwamba hapakuwa na tatizo siku nzima. Alifunua daftari. Jumatano ile ukurasa ulikuwa na neno moja, *sikuwepo*, kwa kuwa alikwenda Miteja kumzika shemeji yake.

Bado alijikaza. Alijiambia kwamba mnara huenda una desturi zake, kwamba saa kamili ni wakati ambao watu wengi hushika simu. Kisha akafika Alhamisi ya wiki ya pili. Siku hiyo kalamu ilikauka, akachelewa akitafuta nyingine, na kwa uaminifu wake wa siku zote aliandika wakati wa kweli: saa tano na dakika saba. Kwenye karatasi ya Dar, Alhamisi hiyohiyo, paliandikwa kumi na moja na dakika saba.

Kalamu ilimtoka mkononi, ikabingirika mpaka ukingo wa meza, ikaanguka, na hakuinama kuiokota.

Alikaa hivyo muda ambao hakuupima. Nje, Bi Fortunata alikuwa akigombana na mteja juu ya pilipili. Maneno yalifika masikioni mwa Haruna yakiwa hayana maana. Baadaye akainua simu, akampigia Ismael.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ismael, nikuulize. Ninapobonyeza pale ANZA, ile kasi ninayoipima inatoka wapi?"

"Inatoka humohumo kwenye ruta, mzee. Kwani vipi?"

"Nauliza inatoka wapi. Ni iliyokwisha kuingia, au inakwenda kuchukuliwa?"

Ismael alifikiri. "Inachukuliwa, mzee. Ukibonyeza, simu inavuta yote iliyopo, inavuta mpaka mwisho, halafu inasukuma yote mpaka mwisho. Ndivyo inavyojua mwisho wake uko wapi. Kama unataka kujua bomba linatoa maji kiasi gani, si unalifungulia lote?"

"Na aliye ndani anayetumia wakati huo?"

"Huyo anakosa kidogo. Nusu dakika tu, si kitu. Labda awe anaongea na..." Ismael alijua Mboni anafanya kazi gani. "Mzee, kwani huwa unapima mara ngapi?"

Haruna alikata simu.

Maji ya kwenye kipimo cha bati yalikuwa yamekwisha kunyesha. Ndivyo alivyolijua jambo la kupima katika maisha yake. Mvua hushuka, hunywesha mashamba ya watu wote, na ile kidogo iliyoangukia koponi unaisoma na kuimwaga, na hakuna mche hata mmoja Njinjo nzima uliowahi kukosa tone kwa sababu Haruna alipiga goti. Hakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna kitu ambacho kukipima ni kukinywa. Miezi minne alikuwa amekaa barazani amevaa kofia, akimnyang'anya mwanawe sauti kinywani kila saa, kisha akiandika kwa mwandiko mzuri kwamba hali ni njema.

Mboni aliingia na kikapu. Aliiona karatasi, akaliona daftari, akaona jinsi zilivyopangwa. Alisimama pale mlangoni, maji ya samaki yakidondoka sakafuni.

"Kumbe ni mimi," Haruna alisema.

"Najua, baba."

Hakuelewa mara moja. Alidhani amesema kitu kingine.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba ni wakati unapopima. Najua tangu mwezi wa tatu."

"Tangu onyo la kwanza?"

"Wiki moja kabla yake. Nilikuwa nasikia unavyosema bismillahi, halafu mteja wangu anasema, haloo, haloo, dada, umepotea."

Haruna alimtazama binti yake kama anavyotazamwa mtu aliyetoka chumba kisicho chake. Uso ulikuwa uleule. Somoe aliutoa wake mzima akampa.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, baba? Ulikuwa huamki. Nilikuwa naingia asubuhi natazama kwanza kama shuka linapanda na kushuka. Ndipo ulipoanza kupima ukaamka. Ukanyoa. Ukawa unataniana na Bi Fortunata. Nikasema, onyo moja si kitu."

"Na la pili?"

"La pili nikaona nitafute njia. Ikikaribia saa kamili namwomba mteja anisubiri dakika moja, namwambia natafuta kumbukumbu zake. Mpaka ukimaliza. Lakini si wote wanaokubali kusubiri. Na wengine wanaingia saa hiyohiyo."

"Ungebadilisha hata lile neno la siri la ruta. Ningejua mimi?"

"Ungekosa cha kupima," Mboni alisema. "Ungerudi kitandani."

Alisema bila lawama, na sauti yake haikupanda. Haruna angependa ipande. Alijiona mtu aliyeambiwa kwamba ukuta alioegemea miezi yote ulikuwa mgongo wa mtu. Alikuwa amehesabu mengi maishani, na hili lililokuwa likitendeka chumba cha pili, mlango ukiwa wazi nusu, hakuliona. Alidhani anamlinda. Kila alipotangaza namba yake kwa sauti ili mtoto asikie na atulie, mtoto alikuwa ameziba kipaza sauti kwa kiganja, anamwomba mgeni wa Tabora au Songea asikasirike.

"Weka samaki ndani, mama," alisema hatimaye. "Wataharibika."

Jumatatu alimwomba Mboni amkutanishe na msimamizi wake. Mboni alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Saa nne Haruna alikaa mbele ya kompyuta, kanzu imepigwa pasi, daftari magotini. Uso wa mwanamke wa makamo ulitokea kwenye kioo. Aliitwa Natalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mimi ndiye ninayemkata sauti huyu."

Natalia alitabasamu kidogo, kama mtu aliyejiandaa kusikia mzazi akimwombea mtoto wake. Haruna akafungua daftari, akaliinua mbele ya kamera, akamwomba achukue orodha yake, wakasoma pamoja. Yeye alisoma saa zake, Natalia akasoma za kwake. Walipofika ile Alhamisi, dakika saba, Natalia aliacha kusoma. Alivua miwani.

"Mzee, ulikuwa unapima kila saa?"

"Kila saa kamili. Isipokuwa Ijumaa saa saba."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa namtafuta anayemkata."

Kwenye kioo Natalia aligeuza uso pembeni. Mboni, nyuma ya kiti cha baba yake, alikuwa ametazama chini.

"Nina miaka kumi na mitatu katika kazi hii," Natalia alisema. "Sijui hata niandike nini hapa."

Alichoandika kilifika siku mbili baadaye. Onyo la tatu litabaki kwenye faili, ila Mboni hataondolewa. Anapewa siku thelathini. Ikitokea sauti kukatika hata mara moja kwa sababu inayotoka ndani ya nyumba, basi, na hapatakuwa na barua nyingine. Haruna aliisoma barua ile mara tatu akiwa amesimama, akamwambia binti yake, "Hakuna kipimo tena," na Mboni akaamini, naye mwenyewe akaamini.

Siku kumi zilipita. Alikwenda msikitini, alitembea mpaka sokoni, alimsaidia Bi Fortunata kumenya mihogo. Fortunata aliambiwa yaliyotokea. Alimsogezea kisu na sinia.

Siku ya kumi na moja alikuwa chumbani akikunja shuka. Kisha simu ikaita mkononi mwake, na kwenye kioo palikuwa na jina la Abilahi, mdogo wake wa Njinjo. Haruna alitazama alipo. Alikuwa barazani, kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani. Hakukumbuka kutoka chumbani. Hakukumbuka kukisogeza kiti. Simu ilipoacha kuita, jina la Abilahi likatoweka, na nyuma yake ukabaki ukurasa uleule, duara, mshale umelala kwenye sifuri, neno ANZA, na kidole gumba chake kimesimama juu ya neno hilo, hakijaligusa. Saa ilionyesha saa tatu kamili. Ndani, Mboni alikuwa akimweleza mtu jinsi ya kufuta vumbi kwenye kioo cha jua, sauti safi, isiyokatika.

Aliiweka simu sakafuni polepole, akainuka, akarudi nyuma hatua mbili. Miaka ishirini na sita mkono wake uliamka kabla yake, na siku zote aliuita uaminifu.

Mchana alimwambia Mboni.

"Leo nilikuwa nabonyeza."

"Lakini hukubonyeza."

"Aliyenizuia ni Abilahi, na hajui. Alikuwa anauliza habari ya ufuta."

"Nitabadilisha neno la siri, baba. Leo hii."

"Badilisha. Mimi nakwenda Njinjo."

"Kwa ajili ya kidole?"

"Kidole ni kitu kidogo, mama. Ninayemwogopa ni wewe." Alisema akiutazama mkeka. "Nikianza tena, kwa hili au kwa jingine, utaninyamazia tena. Utanibeba, na sitajua nimebebwa. Mtu akibebwa bila kujua hawezi hata kujifanya mwepesi."

Mboni alijaribu kumzuia. Alitaja dawa yake ya presha, alitaja kaburi la mama yake lililo Kilwa Masoko, alitaja kwamba Abilahi hajui kupika. Haruna alisikiliza yote. Jumapili alifunga nguo zake. Simu yake ya kioo alimwachia Mboni, akanunua ndogo ya vibonye. Walipoagana, Mboni alipiga goti kumshika mkono, na mzee akamwinua upesi, kama vile hakustahili kupigiwa goti.

Siku thelathini zilikwisha bila sauti kukatika. Mboni alipata barua fupi, akampigia baba yake kumsomea, na upande wa pili palikuwa na kimya kirefu mpaka akadhani laini imekatika.

"Nipo," Haruna alisema.

Anaishi Njinjo, katika chumba cha uani cha nyumba ya Abilahi. Asubuhi anakwenda shambani na wenzake, na hana saa mkononi.